Sarafu za Tabora za 1916: Namna ya Kutofautisha Kasoro ya Kiwandani na Sarafu Iliyochezewa

Sarafu za kale ni sehemu ya mali za familia nyingi za Tabora na za vijiji vilivyo kando ya njia ya zamani ya misafara iliyoelekea Ujiji. Baadhi zimehifadhiwa katika masanduku ya wazee, baadhi zimevaliwa shingoni kama mapambo, na nyingine huibuka shambani wakati wa kulima. Zina thamani ya kihistoria, na chache kati yake zina thamani kubwa ya fedha. Kwa sababu hiyo hiyo, zimekuwa chambo cha udanganyifu.

Udanganyifu unaohitaji maelezo ya kina ni ule wa sarafu inayodaiwa kuwa na kasoro ya kiwandani. Mnunuzi huelezwa kwamba sarafu hiyo ina vichwa viwili, au picha iliyogeuka, au tundu lisilo la kawaida, au rangi isiyo yake. Kwamba kiwanda kilikosea, hivyo sarafu ni adimu na bei yake ni mamilioni. Mara nyingi ukweli ni mwingine. Sarafu ilitoka kiwandani ikiwa salama, kisha mtu akaikata, akaitoboa, akaibana au akaichovya katika asidi, ama kwa ajili ya mazingaombwe, ama kwa mapambo, ama kwa nia ya kuiuza kwa hila.

Hasara hutokea kwa pande zote mbili. Mwananchi anayenunua sarafu iliyochezewa hupoteza akiba yake. Naye mwenye sarafu halisi, akiwa hajui alichonacho, huweza kuiuza kwa bei ya chuma chakavu au kuiharibu mwenyewe kwa kuisugua ili ing'ae. Makala haya yanaeleza namna ya kuzitofautisha, yakianzia Tabora, mji ambao wenyewe uliwahi kutengeneza sarafu.

Kutoka vitambaa na shanga hadi hela

Kabla ya sarafu kuenea bara, biashara ya njia ya misafara kati ya Bagamoyo, Tabora na Ujiji iliendeshwa kwa vitambaa vya merikani na kaniki, shanga, na nyaya za shaba. Msafara ulihitaji kufahamu aina ya shanga iliyokubalika katika kila eneo, kwa kuwa shanga iliyopendwa Unyanyembe huenda isingenunua hata chakula sehemu nyingine. Sarafu zilizofika mapema, kama vile riale ya Maria Theresa, zilikuwa za fedha, na wengi walizithamini kwa uzito wake au kuzigeuza mapambo.

Utawala wa Kijerumani ulileta rupia yake, ambayo awali iligawanywa katika pesa 64. Kuanzia 1904 mgawanyo huo ulibadilishwa, rupia moja ikawa na Heller 100. Majina hayo mawili, pesa na hela, yamebaki katika Kiswahili hadi leo kwa maana ya fedha kwa jumla. Sarafu hizo zilitengenezwa Ujerumani, na nyingi zina herufi ndogo ya kiwanda: A kwa Berlin na J kwa Hamburg. Herufi hiyo ni ushahidi muhimu kwa yeyote anayekagua sarafu za kipindi hicho.

Reli ya Kati ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mwaka huo huo Vita Kuu ya Kwanza ikaanza, na manowari za Uingereza zikafunga bahari. Sarafu kutoka Ujerumani hazikuweza tena kufika, huku askari, wapagazi na wauzaji wa vyakula wakihitaji kulipwa. Noti za muda zilichapishwa, lakini wengi hawakuziamini kama walivyoamini chuma chenye uzito mkononi. Ndipo ikaamuliwa kutengeneza sarafu humu humu nchini, katika karakana ya reli iliyokuwa Lulanguru, mashariki ya mji wa Tabora.

Karakana hiyo ilitoa sarafu za aina tatu, zote zikiwa na mwaka 1916 na herufi T ya Tabora. Ya kwanza ni Heller 5 ya shaba ya njano. Ya pili ni Heller 20, iliyotengenezwa kwa shaba ya njano na pia kwa shaba nyekundu. Malighafi ilikuwa mabaki ya chuma yaliyopatikana, yakiwamo maganda ya risasi na ya mizinga. Ya tatu ni sarafu ya dhahabu ya Rupia 15, ambayo upande mmoja ina tai wa dola ya Ujerumani na upande mwingine ina tembo aliyeinua mkonga mbele ya milima. Dhahabu yake ilitoka mgodi wa Sekenke, katika eneo la Iramba. Sarafu hizo za dhahabu zilizotolewa ni 16,198 tu.

Tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Kongo ya Ubelgiji, yakiongozwa na Jenerali Charles Tombeur, yaliingia Tabora. Utengenezaji wa sarafu ukakoma, na mji ukabaki na historia fupi ya kuwa na kiwanda cha sarafu kwa miezi michache tu.

Kwa nini sarafu za Tabora hutatanisha

Sarafu ya kiwanda kikubwa hutengenezwa kwa mashine zilizokusudiwa kazi hiyo. Kila kisahani cha madini huwa na uzito na unene uliopimwa, na muhuri hugonga kwa nguvu ile ile kila mara. Karakana ya Lulanguru ilijengwa kwa ajili ya reli, na mafundi wake walifanya kazi kwa haraka, katika vita, kwa vifaa vilivyopatikana.

Matokeo yake yanaonekana katika sarafu zenyewe. Heller 20 nyingi zina maandishi hafifu upande mmoja, picha iliyosogea kidogo kutoka katikati, au kisahani chenye unene usiolingana. Mihuri nayo ilitofautiana: zipo zenye taji kubwa na zenye taji dogo, na herufi L katika neno HELLER huwa na ncha iliyochongoka au iliyojikunja. Hata katika sarafu ya dhahabu zipo aina mbili, zinazotofautishwa kwa mahali linapoishia pambo lililo upande wa maandishi: chini ya herufi T au chini ya herufi A katika neno OSTAFRIKA.

Tofauti hizo zinafahamika na wakusanyaji wa sarafu duniani, na zimeorodheshwa. Heller 20 iliyogongwa vibaya kidogo ndiyo hali ya kawaida ya sarafu hiyo. Kwa hiyo anayesema kwamba sarafu ya Tabora ni ya mamilioni kwa sababu tu taji lake halikukaa sawasawa, anauza hali ya kawaida kama muujiza. Na kwa upande wa pili, mlaghai hupata urahisi wa kuficha kazi ya tupa na jiliwa nyuma ya sifa hiyo ya karakana, akidai kwamba kila alama ya ajabu ni kosa la mafundi wa 1916.

Sarafu huzaliwaje

Ili kutambua kosa la kiwandani ni lazima kwanza kufahamu kazi ya kiwandani. Bamba la madini hukatwa vipande vya mviringo. Kila kipande huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma cha pua iliyochongwa picha kinyumenyume, wa chini na wa juu. Katika viwanda vingi kipande huzungukwa na pete inayozuia madini yasitawanyike. Muhuri wa juu hushuka kwa nguvu kubwa, madini hujaza mashimo ya mihuri, na sarafu hutoka ikiwa na picha pande zote mbili pamoja na ukingo wake.

Kosa halisi hutokea ndani ya hatua hizo, na hivyo aina zake si nyingi. Kipande kinaweza kukatwa vibaya na kubaki na pengo la mviringo ukingoni. Kinaweza kuwekwa pembeni, na picha ikaangukia nusu ya sarafu tu. Kinaweza kugongwa mara mbili. Sarafu iliyotangulia inaweza kunasa kwenye muhuri na kuchapa picha yake, ikiwa imegeuka, juu ya kipande kinachofuata. Muhuri unaweza kupasuka, na ufa wake ukaonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Au mafundi wanaweza kuunganisha mihuri miwili isiyostahili kukutana.

Kosa la aina hiyo ya mwisho lilitokea Uingereza mwaka 2008. Sura ya sarafu ya peni 20 ilibadilishwa, na mwaka ukahamishwa kutoka upande mmoja kwenda mwingine. Muhuri mpya wa upande mmoja ukatumiwa pamoja na muhuri wa zamani wa upande wa pili, na sarafu zikatoka bila mwaka wowote. Zilikuwa nyingi, na kiwanda cha Royal Mint kilikiri kosa hilo hadharani. Jambo la kuzingatia ni kwamba kosa la muhuri hujirudia katika kila sarafu iliyogongwa na muhuri huo. Sarafu moja pekee duniani yenye ajabu isiyoelezeka na hatua yoyote ya utengenezaji inapaswa kutiliwa shaka kabla ya kupewa bei.

Kutokana na hayo inapatikana kanuni moja inayotosha kwa ukaguzi wa mwanzo. Kosa la kiwandani hutokea kabla au wakati wa kugongwa kwa muhuri. Lolote lililofanywa baada ya hapo ni uharibifu au uchezeaji, na kila mara huacha alama inayokata, inayobonyeza au inayofunika picha ambayo tayari ilikuwapo. Swali la kujiuliza ni hili: kipi kilitangulia, picha au alama?

Sarafu zilizochezewa na alama zake

Sarafu ya vichwa viwili ndiyo maarufu kuliko zote. Hutengenezwa kwa ajili ya mazingaombwe na mchezo wa kurusha sarafu. Fundi huchukua sarafu moja, huichimba kwa kerezo hadi ibaki kama kikombe chembamba chenye ukingo, kisha huchukua ya pili, huipunguza upana na unene, na kuipachika ndani ya ile ya kwanza. Kiungo chake hakikai kwenye ubavu wa nje ambako wengi hutazama. Hukaa upande mmoja, ndani kidogo ya ukingo, kama mstari mwembamba wa duara. Kioo cha kukuzia hutosha kuuona. Ikidondoshwa juu ya meza ya mbao karibu na sarafu ya kawaida ya aina ile ile, hutoa mlio mfupi na mzito badala ya mlio wa kengele. Mara nyingi uzito wake pia hautimii.

Sarafu iliyobanwa huonesha picha ya sarafu nyingine, ikiwa imegeuka na kuzama. Fundi huweka sarafu mbili pamoja kwenye jiliwa na kuzikaza, au huzigonga kwa nyundo. Tofauti yake na kosa halisi la kunasa kwa sarafu ni kwamba picha ya awali bado ipo chini, imepondwa lakini inasomeka, na mara nyingi upande wa nyuma pia umesawazishwa na meno ya jiliwa au uso wa fuawe. Katika kosa halisi, picha iliyogeuka ndiyo iliyochukua nafasi. Haikuja juu ya nyingine.

Sarafu yenye tundu inahitaji uangalifu, kwa kuwa Afrika Mashariki ilikuwa na sarafu nyingi zilizotengenezwa na tundu katikati. Heller 10 za Kijerumani zilikuwa nalo kuanzia 1908, na senti 1, 5 na 10 za Bodi ya Sarafu ya Afrika Mashariki zilikuwa nalo vilevile. Tundu la kiwandani lipo katikati, na picha pamoja na maandishi vimepangwa kulizunguka. Tundu lililotobolewa kwa ajili ya kuvaa mkufu huwa karibu na ukingo, hukata herufi au picha, na mara nyingi huwa na mdomo wa chuma uliotokeza upande ilikotokea ncha ya keekee. Sarafu nyingi za fedha zilivaliwa hivyo. Pale tundu lilipozibwa baadaye kwa kulehemu, hubaki doa lenye rangi tofauti na uso usio na picha.

Sarafu iliyobadilishwa rangi ni hila inayotumika zaidi kwa sarafu za kisasa. Sarafu ya shilingi 500 iliyoanza kutumika mwaka 2014, yenye picha ya nyati, ina kiini cha chuma kilichofunikwa kwa nikeli. Sarafu za aina hii zikichovywa katika asidi hupoteza tabaka la juu na kubadilika rangi, kisha hudaiwa kuwa zimegongwa kwenye madini yasiyo yake. Asidi hula kila sehemu: herufi hukonda, pembe za picha hulegea, na uso hujaa vishimo vidogo. Uzito nao hupungua. Kinyume chake, sarafu ya shaba iliyopakwa rangi ya dhahabu huonesha shaba kwenye sehemu zilizoinuka ambako mkono umeisugua.

Sarafu iliyopunguzwa kwa tupa ndiyo inayowadanganya hata wazoefu. Mfano wake unaojulikana zaidi ni wa Marekani. Mwaka 1937, katika kiwanda cha Denver, fundi aliusugua mno muhuri wa sarafu ya senti 5 yenye picha ya nyati, na mguu mmoja wa mbele ukafutika. Nyati wa miguu mitatu akawa na bei kubwa, na mara watu wakaanza kuondoa mguu huo kwa tupa kwenye sarafu za kawaida. Wakaguzi hawaangalii mguu peke yake. Muhuri ule uliosuguliwa uliacha alama nyingine, kama mstari wa vidoa vilivyoinuka chini ya tumbo la nyati, ambazo tupa haiwezi kuzitengeneza. Palipopita tupa hubaki bonde dogo na mikwaruzo inayoelekea upande mmoja.

Somo hilo linahusu pia tembo wa Tabora na herufi T. Herufi iliyogongwa na muhuri huinuka kutoka katika uso wa sarafu bila mpaka, kwa kuwa ni madini yale yale yaliyosukumwa juu. Herufi iliyobandikwa ina mzunguko wa mshono au rangi ya kulehemu chini yake. Herufi iliyochongwa kwa patasi huzama badala ya kuinuka. Aidha, Tabora haikutengeneza rupia ya fedha. Rupia ya fedha yenye mwaka 1916 na herufi T, kwa maelezo yoyote itakayoambatana nayo, si kosa la kiwandani. Ni ya kughushi au imechezewa.

Ukaguzi kwa vifaa vya kawaida

Mwananchi hahitaji maabara ili kufanya ukaguzi wa awali. Anahitaji kioo cha kukuzia mara kumi, mizani ndogo kama ya sonara, sumaku, mwanga wa kutosha na sarafu ya kawaida ya aina ile ile kwa ajili ya kulinganisha.

Hatua ya kwanza ni kusoma sarafu: nchi, thamani, mwaka na herufi ya kiwanda. Iwapo mambo hayo manne hayaafikiani, hakuna haja ya kuendelea.

Hatua ya pili ni uzito. Rupia ya fedha ya Kijerumani ilikuwa na takriban gramu 11.66. Rupia 15 ya dhahabu ya Tabora ina takriban gramu 7.2, na dhahabu yake ni ya karati 18, yaani sehemu 750 kwa 1,000. Dhahabu ni nzito kiasi kwamba nakala ya shaba yenye ukubwa na unene ule ule hukaribia gramu 4 tu. Tofauti hiyo huonekana hata kwenye mizani ya bei nafuu, na sonara yeyote wa mjini anaweza kuithibitisha bila kuikwangua sarafu. Kwa Heller 20 uzito hauwezi kutumika kama hukumu, kwa sababu visahani vya karakana havikulingana.

Hatua ya tatu ni sumaku. Shaba, fedha na dhahabu hazivutwi. Heller 20 inayoruka kuelekea kwenye sumaku ni chuma kilichopakwa rangi. Kwa sarafu ya sasa ya shilingi 500 hali ni kinyume, kwa kuwa kiini chake ni chuma.

Hatua ya nne ni ukingo na uso wa sarafu chini ya kioo. Atafutwe mshono wa duara ndani ya ukingo, mikwaruzo ya upande mmoja, vishimo vya asidi, meno ya jiliwa na vipovu vidogo. Vipovu huonesha kwamba sarafu haikugongwa bali ilimiminwa katika kalibu, njia inayotumiwa na watengenezaji wengi wa nakala.

Hatua ya tano ni kurudi kwenye swali la msingi: je, ni hatua ipi ya kiwandani ingeweza kuleta alama hii? Kama jibu halipatikani, na alama inakata au kufunika picha, sarafu hiyo ilichezewa baada ya kutoka kiwandani.

Sarafu ya kawaida inayodhaniwa kuwa kosa

Wakati mwingine hakuna aliyeichezea sarafu, wala kiwanda hakikukosea, bali historia yake haifahamiki. Senti 5 na 10 za Afrika Mashariki za mwaka 1936 zina jina la Mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alijiuzulu Desemba ya mwaka huo huo, kabla ya kutimiza mwaka mmoja, na Uingereza yenyewe haikuwahi kutoa kwa matumizi ya umma sarafu yenye sura yake. Kwa sababu hiyo wapo wanaoamini kwamba senti hizo zilitolewa kimakosa. Hazikutolewa kimakosa. Zilitengenezwa kwa wingi, zikatumika sokoni kama nyingine, na bado hupatikana kwa urahisi.

Vivyo hivyo, madai kwamba rupia ya zamani ina zebaki ndani yake, au ina nguvu isiyo ya kawaida, hayana msingi. Rupia ya Kijerumani ni fedha na shaba. Mwenye kudai malipo ya awali ya "kupima" au "kuitakasa" sarafu kabla ya mnunuzi tajiri kufika, anachotafuta ni malipo hayo ya awali.

Hatua za kuchukua

Mwenye sarafu ya kale anashauriwa kwanza asiisafishe. Mchanga, majivu, dawa ya meno na ndimu huondoa tabaka la juu ambalo ndilo ushahidi wa umri wake. Sarafu ya Tabora iliyosuguliwa mpaka ikang'aa hupoteza sehemu kubwa ya thamani, na huwa vigumu zaidi kuithibitisha kwa kuwa mikwaruzo ya majivu hufanana na ya tupa. Inatosha kuihifadhi pakavu ndani ya bahasha ya karatasi, na kuandika ilikopatikana na ilivyorithiwa. Maelezo hayo ya familia ni sehemu ya historia ya nchi.

Pili, asinunue wala asiuze kwa haraka. Picha za pande zote mbili na za ukingo, pamoja na uzito, zinatosha kuomba maoni ya wataalamu wa Makumbusho ya Taifa kabla ya fedha kubadilishana mikono. Bei iliyotajwa na muuzaji si uthibitisho wa thamani.

Tatu, sarafu zinazotumika sasa hazipaswi kuharibiwa. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina sehemu mahususi kuhusu makosa ya sarafu, ikiwamo kutengeneza sarafu bandia na kupunguza uzito wa sarafu halali kwa nia ya kuipitisha kama sarafu kamili. Kujipatia fedha kwa udanganyifu ni kosa pia, hata pale ambapo sarafu iliyouzwa ni ya kale na haitumiki tena. Anayepewa sarafu ya sasa yenye shaka aipeleke benki au katika tawi la Benki Kuu ya Tanzania, na asiirudishe sokoni. Aliyeuziwa kwa hila atoe taarifa kituo cha polisi akiwa na sarafu yenyewe, kwa kuwa ndiyo kielelezo.

Karakana ya Lulanguru ilifanya kazi kwa muda mfupi mno, na kila sarafu iliyotoka humo inabeba habari: ugumu wa vita, mabaki ya mizinga yaliyogeuzwa hela, dhahabu ya Sekenke na mikono ya mafundi wa reli. Maandishi hafifu na taji lililopinda ni sehemu ya habari hiyo, na tupa ya mlaghai huifuta. Mwananchi anayetambua tofauti kati ya alama ya muhuri na alama ya tupa anaokoa fedha zake, na wakati huo huo anaihifadhi kumbukumbu ya Tabora ambayo haiwezi kutengenezwa upya.